Chupa Tano Mbele ya Mzee Karenzi

Nimeacha kazi mwezi uliopita, na baadhi yenu mmesema niliondoka kwa hasira. Mmesema kweli. Nawaandikia nyinyi mliobaki kwenye timu ya vinywaji, wasichana kwa vijana mnaovaa aproni nyeusi kwenye harusi, mikutano na matamasha ya hapa Kigali. Shule niliiacha darasa la nne, Bujumbura, kwa hiyo nukta zikikosekana msinisumbue. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho tunachogombana nacho nyuma ya kaunta, Mkongomani, Mtanzania na sisi tuliokulia Burundi. Na mimi leo nina ugomvi.

Mshahara sitauzungumzia. Cheo pia hapana, kwa kuwa sikuwahi kuwa nacho. Siku ya kwanza nilikuwa mhudumu wa vinywaji, siku ya mwisho mhudumu wa vinywaji, na katikati yake nimezaa wanne, nimepata wajukuu saba, na goti la kushoto limegoma.

Nilianza kwenye baa ndogo ukingoni mwa Rwezamenyo. Mwenyewe alikuwa Mama Spesi, mwanamke mrefu asiyecheka kabla ya saa kumi jioni. Alinipa taulo mbili na ufunguo wa chupa wenye kamba, akaniambia niuvae shingoni kama msalaba. Asubuhi ile nilimpelekea mzee mmoja bia kutoka kwenye friji. Aliishika, akairudisha mezani, akatazama ukuta. Mama Spesi akanivuta sikio. Hapa kwetu, akasema, kabla hujamuuliza mtu habari za nyumbani unamuuliza ya baridi au ya moto. Na ya moto si ya kuchemsha, maana nilikuwa tayari nimeshika sufuria. Ni ile iliyokaa kwenye rafu. Wazee wengi wanaitaka hiyo, meno yao hayapendi barafu.

Mchana nikafanya kosa la pili, na hili ndilo lililonifanya nimkumbuke Mama Spesi mpaka leo. Walikaa wanaume watatu. Ili nisiende mara mbili, nilifungua chupa zao zote tatu kaunta, nikazibeba, nikazipanga mezani vizuri. Hakuna aliyegusa. Walizungumza habari za mvua. Wakazungumza habari za mahindi. Mama Spesi alitoka jikoni, akaangalia meza, akazichukua zile chupa. Akaja na tatu nyingine zilizofungwa. Kila moja aliiinua mtu akaiona kofia yake, kile kizibo cha bati, akangoja atikise kichwa, ndipo akafungua, kisha akairudisha kofia juu ya mdomo wa chupa ili nzi wasiingie. Wakanywa kama watu waliotoka safari.

Jikoni akaniuliza, "Unajua umewaambia nini wale?"

"Sikuwaambia kitu, mama."

"Umewaambia labda umewawekea sumu."

"Mimi? Sikusema hivyo."

"Umesema kwa mkono. Na wao hawawezi kukujibu. Mtu akisema nifungulie hapa nione, amekuita mchawi mbele ya watu. Kwa hiyo atakaa na kiu yake, atakusalimia vizuri, ataondoka. Wewe utabaki unasema amependa baa yangu."

Nyinyi mliotoka Mwanza na Nairobi mnaona huu ni ushirikina. Uiteni mnavyotaka. Zamani, na bado kwenye nyumba nyingi, mwenye pombe alionja yeye kwanza ndipo akakupa. Chupa ilipokuja, kazi ya kuonja ikafanywa na kofia. Mgeni haombi. Ni wewe unayetakiwa kujua. Kazi yetu yote imekaa hapo, kubeba kreti anaweza hata punda.

Miaka ile niliitwa kwenye shughuli ngumu. Kuna harusi moja Busanza ambapo koo mbili zilikuwa zimegombana tangu asubuhi, na babu wa bwana harusi alikataa kugusa kitu cha upande wa pili. Pombe ilikuwa ya mtungi, haina kofia ya kuonyesha. Nilipiga magoti, nikamimina kidogo kwenye kiganja changu, nikanywa mbele yake, nikakaa palepale magotini mpaka akaona sijafa. Akacheka, akanywa. Magoti nimeyamaliza hivyo, kwa watu ambao hata jina langu hawakuliuliza. Silalamiki. Nasema tu nilikuwa najua ninachokifanya.

Sasa tuje kwenye tamasha.

Arsene, aliyepewa timu yetu baada ya yule mkubwa wa zamani kuhama, simchukii. Hanywi, anawahi, hamtukani mtu. Amesoma hoteli na ana kile kidude cha sikioni cha kuzungumza na wenzake. Tatizo lake ni moja: anataka kila kitu kiende haraka, na mtu asiyekwenda haraka anamwona kama kreti iliyoachwa njiani.

Tulifika uwanjani saa mbili asubuhi, na jua lilikuwa limetutangulia. Lilikuwa tamasha la muziki la siku moja, la mtaa, jukwaa kubwa upande mmoja, mahema ya chakula upande mwingine, vijana wanaingia na bangili za karatasi mkononi. Arsene alitukusanya.

"Leo tunafungua zote mapema," akasema. "Chupa haitoki nje ya kaunta. Tunamimina kwa kikombe, tunapanga, mtu anachukua, anaenda. Foleni haiko."

Kwa uwanja nilikubaliana naye. Chupa ya kioo kati ya watu wanaorukaruka ni hospitali. Lakini nikauliza, "Na wakubwa?"

"Wakubwa gani, Mama Donata?"

"Wazee. Wageni wa jukwaani, kwenye hema la nyuma."

"Wote sisitemu ni moja, mukecuru. Kule watapelekewa chupa, lakini zimeshafunguliwa kaunta. Tamasha haina mzee."

Mlicheka kusikia naitwa bibi kizee. Mlikuwepo, mnakumbuka. Na mimi nikatabasamu, nikafunga aproni. Wiki ile mlikuwa mmeshaniita polisi wa mambo ya zamani mara mbili, nikaona basi, leo nisiwe mimi. Nimetumia miaka yangu yote kufundisha watu kitu kile, na siku iliyokitaka nikanyamaza ili vijana wasinicheke. Hasira ninayoiandika hapa, sehemu yake kubwa ni yangu mwenyewe.

Siku ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Spika zilipiga mpaka vikombe vikatetemeka juu ya meza na soda ikachora miduara. Kuna msichana mwembamba alipiga gitaa peke yake, nikasahau kumimina, mteja akaniambia, "Bibi, na mimi nasikiliza, lakini nina kiu." Nilimpa kikombe bila kumtazama.

Niliyekuwa namsubiri mimi ni Mzee Karenzi. Jina lake lilikuwa chini kabisa kwenye bango, herufi ndogo, mpiga inanga, saa nne asubuhi. Inanga, kwa wasioijua, ni ubao uliochimbwa kama sinia refu, una nyuzi, mtu anaulaza mapajani. Na anayeimba na inanga hapigi kelele. Ananong'ona. Nilimsikia huyu mzee redioni nikiwa bado msichana, nikaacha ugali ukaungua.

Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Nikamuuliza Arsene, akasema programu imesogea, msanii mmoja mkubwa anajaribu vyombo. Saa nane wakapanda wengine wawili ambao hawakuwa hata kwenye bango.

Saa tisa nilitumwa kupeleka kreti ya akiba, bado imefungwa, ikae hema la nyuma. Hema lilikuwa la turubai jeupe, joto la ndani linaweza kuivisha mkate. Nikamkuta Mzee Karenzi amekaa kwenye kiti cha plastiki, koti limefungwa vifungo vyote, kofia kichwani, inanga imefunikwa kitenge mapajani. Mbele yake kulikuwa na meza ndogo. Juu ya meza chupa tano, zote wazi, zote zimejaa mpaka shingoni. Na vikombe vya maji vilivyomiminwa kutoka kwenye jagi sijui saa ngapi. Nyuki walikuwa wanakunywa badala yake.

Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Mjukuu wake, Solange, msichana wa kama miaka ishirini na miwili, alikuwa anampepea kwa karatasi ya programu. Nikamvuta pembeni.

"Amekunywa nini leo?"

"Chai, nyumbani, Batsinda. Saa kumi na mbili."

"Na tangu hapo?"

"Nilikuja na termosi, mama. Langoni wamesema vinywaji vya nje haviruhusiwi, wameichukua. Nimeenda kaunta nikaomba iliyofungwa, dada mmoja akaniambia chupa haitoki. Nikawaza nionje mimi mbele yake. Amenikasirikia. Amesema hawezi kufanya majaribio kwa mjukuu wake."

"Mbona hukutafuta mtu?"

"Ningesema nini? Babu yangu anadhani mtamuua?"

Hakukosea. Angesema nini.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mzee hakuja kwa ajili ya watu. Kulikuwa na wimbo mrefu uliotungwa na baba yake, wa ng'ombe wao na vilima walivyopita, na hakuna mwingine anayeujua wote. Tangu mkewe afe hajauimba. Solange anajua mwanzo tu. Watu wa tamasha walimwahidi kuurekodi kwa vyombo vizuri, na kwa ajili hiyo tu mzee alikubali kutoka nyumbani.

Nilirudi mbele yake, nikainama kama nilivyofundishwa.

"Mzee, ya baridi au ya moto?"

Aliinua macho. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu asubuhi mtu kumuuliza kitu.

"Ya moto, mwanangu," akasema. Sauti ilikuwa kama karatasi.

Nilitoa soda kwenye kreti, nikaiinua aone kofia. Akatikisa kichwa. Nikashika ufunguo. Na hapo Arsene akaingia.

"Mama Donata, hapana. Tumesema chupa hazifunguliwi huku."

"Ngoja, Arsene."

"Huyu mzee amepewa tano. Ziko pale zimejaa. Hatumbembelezi mtu."

"Arsene, nimekwambia ngoja."

"Usinifanyie hivi mbele ya wageni, mama. Mimi ndiyo niko responsabo hapa."

Ningeweza kumjibu polepole. Ningeweza hata kumtoa nje nikamweleza kwa maneno mawili, angeelewa, si mjinga. Lakini yote niliyoyanyamazia asubuhi yalitoka kwa pamoja. Nikamwambia, na sauti yangu mnaijua, "Toka mbele yangu, mtoto usiyejua kumpa mtu maji. Hujui kwa nini hazigusi? Hujui anaogopa nini?"

Hata wale wasichana wa ngoma waliokuwa wanajipaka poda walisimamisha mikono.

Nilikuwa nimelisema. Kile kitu ambacho mzee alikaa na kiu saa tisa nzima ili kisisemwe, mimi nilikitangaza mbele ya watu ishirini kwa hasira yangu. Nilipomgeukia, mkono wake aliokuwa ameunyoosha ulikuwa umerudi juu ya kitenge.

"Acheni, wanangu," akasema taratibu. "Msigombane kwa ajili yangu. Sina kiu."

"Mzee, nakuomba."

"Sina kiu."

Na hapohapo kijana wa jukwaani akachungulia, "Muzehe, ni wewe sasa, una dakika kumi na tano." Mzee akasimama. Solange akamshika kiwiko. Nilibaki na chupa mkononi, bado imefungwa.

Nikasimama kando ya jukwaa, kazi nikaiacha. Wimbo wa kwanza ulikuwa mfupi, ukaenda. Kisha akapiga nyuzi mara tatu, nikamwona Solange chini ya jukwaa akiinua simu yake ili arekodi na yeye. Akaanza. Mwanzo ulisikika. Vilima viwili vya kwanza nilivisikia, nikavitambua, ni vya upande wa kwetu. Kilima cha tatu sauti ikakwaruza. Akameza mate, mate hayakuwepo, nilimwona koo likipanda na kushuka bure. Akaendelea. Midomo ilikuwa inacheza na kipaza sauti kinatoa pumzi tu. Vidole havikukosea hata mara moja. Alipiga wimbo wote wa baba yake mpaka mwisho, na maneno hakuna aliyeyasikia.

Vijana walidhani ndiyo mtindo wake. Waliinua simu, wakayumbayumba, wakampigia makofi mengi. Arsene akanijia, akasema kwa upole kabisa, "Umeona, mama? Wamempenda. Haikuwa shida."

Solange alikuwa ameshusha simu zamani.

Nilienda kwenye uzio wa nyuma kwa sababu niliwaona mzee na mjukuu wake wanatoka, bila kusubiri gari waliloahidiwa. Ng'ambo ya barabara kuna duka dogo. Solange akanunua chupa, mwenye duka akaifungua palepale mbele yao. Mzee Karenzi akanywa amesimama kando ya barabara, mchana, watu wanapita, koti lake limefungwa vifungo vyote. Nyinyi mnaotembea mnakula chipsi hamtaelewa. Mtu wa umri wake na heshima yake hali wala hanywi barabarani, afadhali afe. Alimaliza chupa ya kwanza bila kuitoa mdomoni. Akachukua ya pili. Kofia yake ilikuwa imemwangukia, mjukuu ameishika.

Nilivua aproni, nikaikunja, nikaiweka juu ya kreti. Arsene akaniuliza ninakwenda wapi na kazi haijaisha. Nikamwambia yangu imeisha.

Jumapili iliyofuata nilienda Batsinda. Nilimwambia Arsene aje pamoja nami. Alituma ujumbe kwenye simu: pole sana mama, nina mkutano. Nilienda peke yangu, na njia nzima nilipanga maneno. Nilikuwa na makosa mawili ya kukiri, la kunyamaza na la kupiga kelele.

Mzee alinipokea vizuri. Nyumba ndogo, safi, inanga imetundikwa ukutani ndani ya kitenge chake. Aliniuliza habari za wajukuu, nikamjibu. Nikaona nisichelewe.

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya siku ile."

"Siku ipi?"

"Ya tamasha."

"Aa. Lilikuwa tamasha zuri. Watoto walicheza sana."

"Tulikuacha na kiu, mzee. Kutwa nzima. Na mimi nikaongeza aibu juu yake."

Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekosea mlango.

"Mimi? Hapana, mwanangu. Siku ile sikuwa na kiu."

Solange alikuwa mlangoni, anatazama vidole vya miguu yake.

Nikajaribu tena, nikaona simwezi. Akikubali msamaha wangu, amekubali kwamba alituogopa, na hilo hatalisema kamwe, kwa ajili ya heshima yake na kwa ajili ya heshima yetu pia, sisi tusiostahili. Amelifunga. Nikauliza basi kuhusu wimbo, kama hawezi kurudia, hata kwa simu ya mjukuu, hapa nyumbani, ametulia.

"Ule nimeuacha," akasema. "Uliona mwenyewe. Sauti imeshazeeka, imeniacha katikati ya watu. Mtu akiachwa na sauti yake asiifukuzie."

Solange alinisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia amemwomba kila siku, anampa jibu hilohilo, na sasa mzee mwenyewe ameanza kuliamini.

Sauti ya Mzee Karenzi haijazeeka. Tuliikausha sisi, kuanzia asubuhi mpaka saa tisa, mimi na Arsene na nyinyi mliocheka. Na hakuna mtu anayeweza kumwambia hivyo, maana ameshasema hakuwa na kiu.